Mwezi wa Kimya na Jeneza la Sufuria

Jumatatu, 1 Julai

Kimya kimeanza leo. Watumishi wa madhabahu ya jadi wamepita asubuhi wakitangaza: hakuna ngoma, hakuna redio za kupasua masikio, hakuna mazishi wala kulia kwa sauti, mpaka siku ngoma ya mji yenyewe itakapotufungulia. Kila mwaka ni hivyo hapa Teshie, pwani ya Accra, na kila mwaka anayeteseka kuliko wote ni mimi Merley, muuza komi wa njia panda, maana Mungu aliponiumba alianza na mdomo.

Sasa lililoniacha hoi. Nilikuwa nafunga madonge ya komi, ugali wetu wa unga uliochachishwa, kwenye maganda ya mahindi, Shormeh akaja mbio, vumbi la mbao mpaka kwenye kope.

"Anti, amekubali!" akaninong'oneza.

"Nani? Umeposwa?"

"Kuposwa kitu gani! Ataa Sowah! Amenipa kazi ya mwisho!"

Donge likanidondoka mchangani. Ataa Sowah ndiye fundi wa majeneza wa mtaa huu. Mvuvi anachongewa samaki, dereva anachongewa lori, na mtu anazikwa ndani ya kitu alichokipenda. Tangu Shormeh aingie karakana yake, mzee huyo amekuwa akisema kwamba kazi ya mwanamke kwenye jeneza ni kulililia, si kulipiga randa. Jamaa za binti walimcheka mpaka wakachoka. Mimi sikumcheka. Kwenye benchi langu hachekwi mtu. Unakaa, unakula donge lako kwa pilipili na samaki, unasema unataka kuwa nani, nami nakwambia: thubutu.

Sharti la Ataa Sowah ni moja. Mwanafunzi anachagua umbo mwenyewe, anachonga peke yake. Kisha, siku ya salamu baada ya Homowo, sikukuu yetu ya kuicheka njaa, mtu wa mji huu aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba anataka kuzikwa humo. Akipatikana wa kusema, mwanafunzi anamwagiwa poda nyeupe kichwani na kuitwa fundi. Asipopatikana, kwaheri.

"Nichonge nini, Anti?"

"Unachokipenda kuliko vyote. Usimwogope mtu."

Ndivyo nilivyomwambia. Ninaandika ili nisije nikakana.

Alhamisi, 4 Julai

Mvua. Kuni mbichi, macho yanawasha. Laryea, kijana wangu mwingine wa benchi, amekaa na tarumbeta lake, anavimbisha mashavu bila kupuliza. Katikati ya Agosti bendi kubwa ya Accra itamsikiliza, na mazoezi ndiyo hayo.

"Unapiga wimbo gani?" nikamuuliza.

"Ule unaoupenda, Anti. Husikii?"

Jumamosi, 6 Julai

Shormeh amekuja nyumbani na futi ya fundi. Anataka kunishonea gauni la Homowo, eti zawadi. Nimeshangaa, maana binti huyu hajui hata kutunga uzi kwenye sindano.

"Lala chali mkekani, Anti."

"Gauni gani linapimwa mtu kalala?"

"Mtindo mpya."

Nikalala. Akanipima kutoka utosini hadi kisigino, akanipima mabega, akaniuliza kama nikilala huwa napenda kukunja magoti. Nikamwambia vijana wa siku hizi na mitindo yenu, mtatumaliza.

Jumanne, 9 Julai

Jumanne ni mwiko, mitumbwi haiendi baharini. Samaki wa jana, wateja wa kunung'unika.

Jumamosi, 13 Julai

Akweley amenisalimia. Akweley! Anauza komi ng'ambo ya barabara, na tangu achukue ile kona tunasalimiana kwa kutemeana mate pembeni. Leo ameinua mkono, akainamisha kichwa kwa heshima kama nani sijui. Nimebaki na ganda la mahindi mkononi. Komi yangu nusu imelala.

Jumanne, 16 Julai

Leo nitaandika yote.

Asubuhi Akweley alivuka barabara. Hajawahi kuvuka. Mkononi sahani ya samaki wa kukaanga iliyofunikwa kitambaa. Akakaa kwenye benchi langu, akanishika goti.

"Merley, pole," akaninong'oneza. "Unaumwa wapi?"

"Mimi? Siumwi popote."

"Usinifiche. Tumegombana, ndiyo, lakini mimi si jiwe."

"Akweley, umekunywa?"

"Jeneza lako limeshapigwa rangi, dada. Mtaa mzima umeliona."

Sikuelewa. Nikamwambia arudie, akarudia. Na kabla sijafumba mdomo, nikaona nyuma yake wamepanga mstari: mama muuza nyanya, mshona viatu, wanakwaya wawili wa kanisani. Kwa kuwa kulia kumekatazwa, wote wamekuja kuniomboleza kwa kunong'ona. Mmoja mmoja wanainama sikioni mwangu. Pole Merley. Ulikuwa mtu mwema. Komi yako haikuwahi kuwa na mawe.

Haikuwahi! Nimekaa pale, kijiko mkononi, nasikiliza matanga yangu yakinong'onwa, na hakuna hata mmoja aliyenunua donge. Nani anunue chakula kwa maiti?

Jumatano, 17 Julai

Nilikwenda karakana kabla ya kuwasha moto. Njiani nilijiambia huu ni umbea wa Akweley, anataka wateja wangu. Shormeh hawezi. Shormeh niliyemtetea mbele ya wajomba zake, niliyemtunzia donge la mwisho kila jioni.

Nikasukuma mlango.

Ilikuwa sufuria. Sufuria yangu. Ameirefusha ili mtu aenee, lakini ni ile ile: masizi yanayopanda kutoka kitakoni, vishikio viwili, kimoja kimepinda. Maganda ya mahindi yamechungulia ukingoni, ya mbao, ungeweza kuapa ni ya kweli. Juu ya mfuniko lile jiwe langu la kuzuia mvuke. Na ubavuni, upande wa kushoto, kibonyeo, pale sufuria ilipoangukia ngazi ya kanisa siku ya harusi ya mdogo wangu. Ameweka mpaka kibonyeo.

Nikashika mlango.

"Shormeh, nimekukosea nini?"

"Anti, punguza sauti, huu mwezi wa..."

"Nipunguze sauti nami mnanizika?"

Ataa Sowah alikuwa kwenye kona, anapiga msasa mkia wa samaki. Hakuinua kichwa.

"Ulisema nichonge ninachokipenda kuliko vyote," alisema Shormeh. Sauti haikutetemeka, na hilo liliniuma zaidi. "Nilifikiri sana. Nikakumbuka nimeshiba wapi. Siku walizonicheka nilikuwa nakaa benchini naitazama hii sufuria inachemka. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama."

"Basi ungenichorea picha! Nani kakwambia mimi nataka kufa?"

"Sikusema ufe. Nilitaka siku hiyo ikifika, usiwekwe kwenye sanduku tupu kama mtu asiyejulikana."

"Livunje."

"Anti..."

"Livunje, nasema! Leo!"

Hapo Ataa Sowah akapuliza vumbi mkononi. "Mkuki kwa nguruwe, Merley," akasema taratibu. "Miaka yote unawaambia watoto wa watu wasiogope."

Nilimtazama Shormeh nikitegemea atalia, ataniomba radhi, ataniangukia miguuni. Akachovya brashi kwenye rangi nyeusi, akaendelea kupaka masizi. Mbele yangu! Nimetoka pale nimeduwaa, nikapita hata nyumba yangu bila kuiona.

Alhamisi, 18 Julai

Sina la kuandika. Nina hasira.

Jumapili, 21 Julai

Kanisani wamenipisha kiti cha mbele. Padri amenitazama kwa huruma. Nimeondoka kabla ya sadaka.

Jumatano, 24 Julai

Ee Mungu, siku gani hii.

Niliamka na homa ya kawaida ya mvua. Nikajifunika shuka jeupe, nikalala, kibanda nikakiacha kimefungwa. Kumbe mji mzima ulikuwa unakitazama kibanda hicho. Saa sita hakijafunguliwa. Akweley akavuka barabara, akakaa kwenye benchi langu, akajifunika uso kwa kanga na kuanza kulia bila sauti. Laryea akatokea, akaona mlango umefungwa, sufuria imepinduliwa, adui yangu analia.

Hakuuliza. Akatoa tarumbeta akapuliza.

Mimi nilikuwa usingizini. Nikasikia wimbo wa mazishi unapanda kutoka njia panda, katikati ya mwezi ambao hata watoto hawapigi mluzi. Ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri mno mpaka nikajiuliza ni nani huyo aliyefariki, maskini, aliyependwa namna hii. Halafu nikatambua wimbo unatokea kwenye benchi langu.

Nikatoka mbio na shuka langu mabegani.

Laryea aliponiona, tarumbeta likamdondoka. Akarudi nyuma hadi akakanyaga moto wa Akweley ng'ambo ya pili.

"Anti! Wewe si umekufa?"

"Nani kakwambia?"

Akweley akafunua uso, macho mekundu. Akanitazama juu mpaka chini kama nimemdhulumu. "Merley, hujafa? Sasa machozi yangu yote haya nayapeleka wapi?"

Sijawahi kushangazwa na mtu kama nilivyoshangazwa na machozi ya Akweley. Yalikuwa ya kweli. Nilitaka kumtukana, tusi likagoma kutoka.

Watumishi wa madhabahu walifika wakiwa watatu, fimbo mikononi. Hawakupiga mtu. Wameliokota tarumbeta, wakaondoka nalo mpaka kimya kifunguliwe. Laryea hakujitetea. Alikaa chini, mikono mitupu, nikaona vidole vyake vinaendelea kubonyeza hewa.

"Na bendi ya Accra?" nikamuuliza.

"Nilidhani umekufa, Anti," akasema. "Ningefikiriaje bendi?"

Jumatatu, 29 Julai

Ataa Sowah amekuja kununua komi mwenyewe. Huwa anamtuma mtu. Amekula madonge mawili, akajipangusa vidole.

"Lile jeneza," akasema, "nimewauliza watu wanne kama wanalitaka, kimya kimya. Wote wameniambia kitu kimoja. Zuri, lakini ni la Merley."

"Si langu."

"Ndilo tatizo lake. Nimechonga tangu nina nywele nyeusi, sijawahi kuchonga kitu mpaka kikakataa mtu mwingine. Mimi huchonga samaki, na mvuvi yeyote anaenea. Huyu binti amechonga mtu." Akageuka kuangalia kama kuna anayesikia. "Usimwambie nimesema."

"Basi mpe achonge jingine."

"Sharti halibadiliki. Sikulibadilisha kwa wanaume, nilibadilishe kwake, waseme amepewa kwa huruma? Siku ya salamu isipopatikana sauti, anakwenda mjini Tema. Mjomba wake ana duka la magodoro, keshamtafutia nafasi."

Magodoro! Shormeh auze magodoro! Nimeshtuka kama nimemwagiwa maji ya moto, nikasema mambo mengi kuhusu mjomba huyo. Ataa Sowah akasubiri nimalize.

"Yote hayo ni sawa, Merley. Lakini si maneno ninayoyangoja."

Ijumaa, 2 Agosti

Nimeisugua sufuria leo, nikafika kwenye kibonyeo, nikasimama.

Ninaogopa. Nimeliandika. Mama alituambia jeneza likiwa tayari, kifo hakipotezi njia, na neno hilo limenikaa kifuani kuliko Injili. Nimewaambia vijana wathubutu, wakathubutu, mimi nikiwa nimekaa salama nyuma ya moto wangu. Shormeh hapiti tena hapa. Jioni nimemwekea donge la mwisho bila kukusudia, nikalila mwenyewe.

Jumatatu, 5 Agosti

Ngoma imelia! Kimya kingi kina mshindo mkuu: mji mzima umepasuka, makopo, filimbi, honi za magari, redio zote kwa pamoja. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka, wala sikuwa na la kusema.

Laryea amerudishiwa tarumbeta. Nikamkalisha benchini. "Haya, piga ule wa siku ile."

"Ule wa mazishi? Anti!"

"Piga, tusikie."

Akapiga. Watu wakasimama. Alipofika katikati nikamkatiza. "Hapo. Siku ile hapo ulilia badala ya kupiga, sauti ikapasuka. Accra hawataki machozi yako. Na siku yangu ikifika, usilie. Piga mpaka mwisho, halafu ndio ulie."

Akanitazama. Mimi pia nikayasikia maneno yangu. Siku yangu. Nimeitamka mwenyewe, mchana kweupe, na ardhi haikupasuka.

Jumamosi, 10 Agosti

Homowo. Alfajiri tumewalilia waliotutoka mwaka huu, kwa sauti sasa, kila nyumba na wake. Kisha chifu akapita akinyunyiza kpokpoi, chakula chetu cha unga wa mahindi cha sikukuu, sote tukala kwa mchuzi wa mawese mpaka tukalegeza mikanda. Tumeicheka njaa kama ilivyo desturi. Ninajua kesho ni nini. Gauni sina, kumbe kweli hakushona.

Jumapili, 11 Agosti

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Leo siku ya salamu. Waliogombana wanafuatana majumbani na kupatana. Nilitoka kwenda karakana na hotuba kichwani, nzuri, ya heshima: mwanangu, nimekusamehe, nawe unisamehe, nitafikiri, tuongee mwakani. Ndiyo hotuba niliyokuwa nayo. Sitajipamba hapa.

Uwanjani watu wamejaa. Jeneza liko juu ya vigogo viwili, jua linaliwakia. Shormeh amesimama kando, mikono nyuma, mfuko wa safari miguuni pake. Mfuko! Ameshafungasha!

Ataa Sowah akauliza mara ya kwanza: "Nani wa mji huu anataka kulala humu siku yake ikifika?"

Watu wakanigeukia. Nikatazama viatu vyangu.

Akauliza mara ya pili. Mtu akakohoa. Hotuba yangu ikayeyuka yote, sikukumbuka hata inavyoanza. Nikamwona Shormeh anainama kushika mfuko.

"Mimi."

Haikuwa sauti yangu. Alikuwa Akweley, amevaa nguo zake za sikukuu, anapasua watu kwa viwiko. Akalizunguka jeneza, akagonga ubavu, akapitisha kiganja kwenye masizi. "Mimi nauza komi, sufuria ninayo. Zuri. Kama mwenyewe halitaki, nalitaka mimi. Hicho kibonyeo tu mtakiziba."

Kukiziba!

Sijui nilifikaje pale mbele. Wanasema nilimsukuma mshona viatu. Ninachokumbuka ni mkono wangu juu ya mkono wa Akweley, naubandua kidole kwa kidole.

"Toa mkono! Hilo ni langu! Kibonyeo hicho ni cha harusi ya mdogo wangu, nani akizibe? Nitazikwa humo mimi! Mimi Merley! Wewe katafute sufuria yako!"

Uwanja ukawa kimya, kimya kuliko mwezi wote uliopita. Nikasikia nilichosema. Nimebaki mdomo wazi mbele ya mji mzima.

Ataa Sowah hakutabasamu, hajui. Alifungua kopo la poda akalimimina lote, lote, kichwani kwa Shormeh, mpaka binti akawa mweupe kama aliyetumbukia kwenye unga, na machozi yakachora mistari miwili mashavuni. Laryea akapuliza tarumbeta. Si wimbo wa mazishi. Shormeh akanikumbatia, nami nguo yangu ya sikukuu ikaharibika.

"Anti, uliogopa?"

"Bado naogopa," nikamwambia. "Na miguuni umenibana, naona kwa macho. Ulipima vibaya."

"Uliniambia unakunja magoti!"

Nyuma yetu Akweley alikuwa hajaondoka. Amesimama kanuna, anajisugua vidole. Nikadhani analeta ugomvi, siku ya salamu. Akamgusa Shormeh begani, begani penye poda.

"Fundi," akasema. Fundi! "Na mimi nichongee. Sufuria. Lakini iwe kubwa kuliko yake."

Jumatatu, 12 Agosti

Asubuhi Akweley amelala chali kwenye mkeka wangu, Shormeh anampima utosini hadi kisigino. Laryea kapita na tarumbeta lake kwenda Accra, nikamfungia madonge manne ya njiani. Nimemwambia Shormeh nimesimama palepale, naangalia futi, na huyo mwanamke asizidishiwe hata inchi moja.